Somo: Umeme ukikatika siku tatu wakati wa kipupwe, jiko la mkaa lisilale na watu

Wenzangu wa Makete, Njombe, Mufindi, Uyole na Rungwe, mwezi wa sita ndio huo unabisha hodi. Tuliokulia huku tunajua asubuhi za nyasi nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na upepo unaoangusha mipaina na milingoti juu ya nyaya. Mti ukilala juu ya laini porini, kijiji kizima kinaweza kukaa gizani siku mbili tatu mpaka mafundi waufikie. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu, na ninachotaka kukisema leo ni kimoja kuliko vyote: baridi yetu ina dawa, lakini hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Naomba msome hadi mwisho.

Hatua ya 1: Dakika za mwanzo

Angalia kwanza kama ni LUKU imeisha au ni mtaa mzima. Kama ni mtaa, chomoa friji, televisheni, jagi la umeme na pasi, kwa sababu umeme hurudi kwa kishindo na kuunguza vitu. Acha swichi ya taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umerudi. Ukiona waya umelala chini, usiusogelee hata kama unaonekana umekufa, wala usiuguse kwa mti mkavu. Kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watoto na ng'ombe, kisha piga simu ya dharura ya shirika la umeme.

Hatua ya 2: Hamieni chumba kimoja

Nyumba ya vyumba vinne haipashiki joto kwa miili ya watu watano waliotawanyika. Chagueni chumba kidogo, kisicho upande wa upepo. Godoro lisikae juu ya sementi tupu, maana sakafu inanyonya joto kuliko hewa. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, halafu godoro. Tundika blanketi au vitenge viwili dirishani, weka nguo iliyokunjwa chini ya mlango. Watoto walale katikati.

Nguo ziwe nyingi nyepesi badala ya moja nzito, na ziwe kavu. Soksi zilizolowa umande wa shambani zivuliwe mlangoni. Kofia ya sufu ivaliwe hata kitandani, kwa mzee na kwa mtoto. Kwa joto la ziada, tofali kavu la kuchoma liwekwe karibu na moto jikoni, kisha lifungwe kwenye nguo nene mbili na kuwekwa miguuni. Msitumie jiwe lililotoka mtoni, maana lenye maji ndani hupasuka. Mpira wa maji ya moto wa dukani nao unafaa, ila maji yasiwe yanayochemka.

Sasa angalieni: chumba hiki tumekiziba. Tumeweza kukiziba kwa sababu hakuna moto ndani yake. Kuziba chumba na kuwasha jiko humo ni kujifungia na kifo.

Hatua ya 3: Jiko

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inajishika kwenye damu mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200, na oksijeni inakosa pa kukaa. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala anaweza asizihisi hata hizo dalili, akapitiliza.

Haya yalifika nyumbani kwangu. Ilikuwa mwezi wa saba, usiku wa tatu bila umeme. Mama mkwe alituhurumia. Mimi nilipolala, yeye alichukua jiko lililobaki na makaa mekundu akaliingiza chumbani kwake alikolala na wajukuu wawili, akafunga mlango. Saa kumi alfajiri nikasikia mtoto mdogo analia na kutapika. Nilipoingia sikunusa kitu chochote. Mama akasema kichwa kinampasuka, na yule mkubwa nilimwita mara nne ndipo akafumbua macho. Tuliwatoa nje wote watatu, wakiwa wamefungwa blanketi, kwenye nyasi zilizoganda. Baridi ile niliyokuwa naiogopa usiku kucha ndiyo iliyokuwa hewa salama. Hospitali waliwekewa oksijeni, na nashukuru Mungu walipona.

Kwa hiyo: pika nje, au kwenye chumba cha jikoni kilichojitenga na nyumba, mlango na dirisha vikiwa wazi. Jiko likimaliza kazi libaki huko huko mpaka majivu yapoe kabisa. Watu wawili katika nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja usiku, msitafute malaria kwanza. Tokeni nje, hesabuni watu, nendeni hospitali, na mkifika mseme waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani, la sivyo mhudumu anaweza kuwapa dawa ya maumivu na kuwarudisha.

Hili si la maskini wala la kijijini. Februari 2021 baridi kali ilipokata umeme wa mamilioni ya watu katika jimbo la Texas, Marekani, walikuwepo waliowasha majiko ya mkaa ndani na magari gereji ili wapate joto, na wapo waliokufa kwa gesi hii hii.

Hatua ya 4: Chakula, maji, taa

Pika mara moja mchana, jua likiwepo. Maharage yakichemka dakika 20, funika sufuria vizuri, iondoe motoni, izungushie blanketi nene ndani ya kikapu. Yataendelea kuiva yenyewe, jioni unayachemsha tena kidogo na kula. Jaza chupa zote za chai: uji wa ulezi, chai ya tangawizi, na moja ya maji ya moto kwa ajili ya usiku. Friji ikibaki imefungwa hukaa na ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48 isipofunguliwa. Kama maji yenu yanavutwa na pampu ya umeme, jazeni ndoo mapema.

Taa ya sola ni bora kuliko kibatari. Mshumaa, kama hamna budi, usimame kwenye sahani yenye mchanga, mbali na chandarua na mapazia.

Hatua ya 5: Wazee, na habari ya ulanzi

Mzee anaweza kupoa mwili bila kulalamika. Mkiona anatetemeka kisha ameacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, maneno yanaburuta, anachanganya majina ya watoto wake, hiyo ni dharura. Mpasheni joto taratibu kifuani na mgongoni, mpeni kinywaji cha moto kama anameza vizuri, mpelekeni hospitali.

Msimpe ulanzi wala komoni "apate joto". Pombe hupanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, mtu anahisi joto huku mwili wake unalipoteza. Najua ni desturi yetu kumkaribisha mzee kwa kikombe. Usiku wa baridi bila umeme, kikombe hicho kiwe cha uji.

MASWALI YA WANACHAMA

Tukuyu: Sista, shikamoo. Je, nikiacha dirisha wazi kidogo wakati jiko lipo chumbani, si inatosha?

Marahaba mwanangu. Kwa kulala, hapana. Upepo ukigeuka, au mtu akisikia baridi akalifunga usiku, hamna wa kuwaamsha. Na dirisha likiwa wazi vya kutosha kutoa gesi, joto nalo limetoka, kwa hiyo umebaki na hatari bila faida.

Makete: Bibi zetu walilala na moto katikati ya nyumba miaka yote na hawakufa. Na mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi tena.

Asante kwa swali hili, nalisikia kila mwaka. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, haina dari, hewa inapita juu na kwenye kuta. Leo tuna bati, siling'i bodi, madirisha ya alumini na milango inayobana. Moto ni ule ule, nyumba imebadilika. Kuhusu moshi: kutokuwa na moshi si kutokuwa na gesi. Makaa mekundu kabisa bado yanaitoa, na ndiyo yanayodanganya wengi.

Mafinga: Jenereta naliweka barazani ili lisiibiwe. Kuna shida?

Ipo, kaka yangu. Moshi wake una gesi ile ile na unaingia kwa mlango na madirisha. Liwe angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba likiangalia nje, ulifunge kwa mnyororo. Tena usiliunganishe kwenye soketi ya ukutani ili kulisha nyumba nzima. Umeme utarudi kwenye laini na kumkuta fundi aliyeko juu ya nguzo.

Njombe: Mume wangu anatumia insulini. Friji imezimika siku ya pili, niitupe?

Usitupe, dada. Chupa anayoitumia sasa kwa kawaida huhimili joto la chumba kwa wiki 4 hivi, na vyumba vyetu msimu huu ni vya baridi. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, maana aina zinatofautiana. Hofu yangu kwa huku ni kuganda. Usiiache dirishani wala nje usiku. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mbeya, Iyunga: Nina mtoto wa siku nne. Nifanyeje?

Hongera mama. Mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja nawe kwa kanga na sweta, uso wake ukiwa wazi. Ukisinzia, baba ampokee kifuani vilevile. Asiogeshwe siku hizo, apanguswe tu. Tofali la moto lisikaribie mtoto mchanga. Joto lake lisishuke chini ya nyuzi 36.5. Akipoa, akakataa ziwa au akalegea, msisubiri kuche.

Ludewa: Sista, mama mkwe ukimkataza jiko anaona umemnyima joto. Wewe ulimwambiaje wako?

Sikumwambia siku ile, alikuwa analia. Baadaye nilimwomba kazi: kila jioni kipupwe kikianza, yeye ndiye anayepasha matofali jikoni, anayafunga kwenye vitenge vyake vya zamani na kugawa, moja kwa kila kitanda. Jiko analifungia huko huko jikoni na kulala na ufunguo.