Maji ya kimea: hesabu kabla ya kuwasha moto

Pombe yangu ya tatu hapa Kampala ilitoka nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Kimea (shayiri iliyooteshwa kisha kukaushwa) kilikuwa kizuri, kosa lilikuwa maji: nilimimina tu mpaka sufuria ikajaa. Siku hizi nahesabu kwanza, tena kwa kuanzia mwisho.

Hatua ya 1. Nataka lita 20 kwenye pipa la kuchachushia. Mashapo hubaki na lita 1 chini ya sufuria, na saa nzima ya kuchemsha kwenye gesi yangu hula lita 4 (pima yako, kila sufuria ina tabia yake). Basi kabla ya kuchemsha niwe na 25. Kimea nacho hunywa karibu lita 1 kwa kilo na hakirudishi. Kilo 5, lita 5. Jumla 30: jerikani moja na nusu.

Hatua ya 2. Maji ya bomba yana klorini. Yachote jana yake, ndoo ikae wazi, au yachemshe. Ukipuuza, pombe itanuka dawa ya hospitali.

Hatua ya 3, kuloweka. Lita 15 kwa kilo 5. Pasha maji hadi 72°C. Kimea kitayashusha hadi 66 hivi. Koroga mabonge yaishe, funika kwa blanketi saa moja.

Hatua ya 4, kusuuza. Hapa ndipo wengi huharakisha. Fungua koki kidogo, rudisha juu lita za mwanzo mpaka yatoke maangavu. Zitatoka lita 10 hivi. Zile 15 zilizobaki zipashe hadi 75 au 76, zisizidi 77, maana maganda yataachia ukakasi. Mimina nusu, koroga, subiri dakika kumi, chuja. Kisha nusu ya pili. Wanywaji wa malwa, pombe ya ulezi ya huku Uganda, wanalijua hili: maji moto hayaingii chunguni yote kwa mpigo. Ila wao husuuza huku wakinywa!

Maswali ya wanachama

Mzee, mtama wa hapa utafaa badala ya shayiri?
Peke yake utakusumbua. Hauna ganda la kuchujia, utaziba, na wanga wake hutaka joto kubwa zaidi ili ulainike. Hata Epuripur, ile mbegu ya mtama wa pombe ya Serere, pika uji kwanza, upoe kiasi, ndipo uchanganye na kimea cha shayiri. Anza na mtama robo ya nafaka yote.

Niko Kabale, huku milimani, maji huchemka mapema. Nibadilishe vipimo?
Hata Kampala huchemka kwenye 96 hivi. Joto la kuloweka ni lile lile popote ulipo. Uchungu wa hopsi, yale maua ya kutia pombe uchungu, ndio hutoka polepole. Ukirefusha kuchemsha, ongeza maji ya kusuuza kufidia mvuke.

Nimepata lita 22 tu, nisuuze tena?
Pima kwanza yanayotoka kwenye koki, yakishapoa. Haidromita (kipimo cha kuonyesha wingi wa sukari) ikisoma chini ya 1.010, acha kimea, ndugu yangu. Ongeza lita 3 za maji safi moja kwa moja kwenye sufuria.