Somo: Kichochoro Chetu Hakimo Kwenye Ramani, Tukichore

Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lile lile. Wanapanga njia ya mbio za Jumamosi kwenye tovuti, wanabofya Changanyikeni, wanabofya Makongo, halafu mstari badala ya kushuka na kile kichochoro chetu unazunguka kwenye lami kama daladala. Kilomita zinaongezeka bure, lawama zinaishia kwa tovuti.

Tovuti nyingi za kupangia njia za mbio hazichori ramani zao. Zinachota data za OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri. Kisichokuwemo humo, tovuti haikijui. Dar tuna nafuu, maana tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi na wakazi mitaani kuchora kata nyingi kwa ajili ya mafuriko. Vilivyobaki nje ni hivi vijia vya pembeni tunavyovijua sisi wa alfajiri.

1. Kipite kwanza kwa miguu. Washa saa, kimbia kichochoro chote, kisha toa faili la GPX, yaani rekodi ya njia uliyopita. Asiyewahi kupita asichore, atachora mtaro akidhani ni njia.

2. Fungua openstreetmap.org, jisajili, kuza ramani hadi uone maumbo ya nyumba, bonyeza kitufe cha kuhariri. Picha ya satelaiti itatokea nyuma. Buruta lile faili la GPX ulidondoshe juu yake, na mbio zako zitajichora. Picha inaweza kuwa imehama mita kadhaa, kwa hiyo linganisha kwanza pale ulipopita barabara kubwa.

3. Chora mstari, ukibofya kwenye kila kona. Usifuate kila mtikisiko wa GPS. Chini ya miembe mstari wa saa huyumba kama mlevi, nawe hukuyumba.

4. Unganisha. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Kichochoro na barabara lazima vishiriki nukta moja. Mimi mwenyewe kijia changu cha kwanza kilionekana kimegusa barabara, kumbe kilikuwa kimeishia nusu mita kabla. Kwa macho hauoni chochote. Kwa kompyuta inayotafuta njia, hapo kuna ukuta. Wiki tatu nilikaa nikiitukana tovuti ya watu. Jaribio ni rahisi: shika nukta ya mwisho uivute. Barabara ikivutika nayo, vimeshikana. Tengua ulichovuta, uendelee. Barabara ikibaki imetulia, bado.

5. Taja aina na uso wake: njia ya waenda kwa miguu, ya udongo, mchanga au lami. Jina weka lile wanalotumia wenyeji. Majina yetu ya utani ya vilima tuyaachie kwenye kundi la WhatsApp.

6. Hifadhi, ukiandika kwa sentensi moja ulichofanya. Usinakili kutoka Google Maps, leseni yao hairuhusu. Baada ya hapo vumilia: OpenStreetMap yenyewe hubadilika ndani ya dakika chache, lakini kila tovuti ya mbio huchota data kwa ratiba yake, inaweza kuwa siku au wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nikipanga njia ya Daraja la Tanzanite, mchoro wa mwinuko unaonyesha natumbukia baharini. Nimekosea wapi?*

Hujakosea kitu, kaka. Tovuti nyingi huchukua mwinuko kutoka vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha anga cha NASA Februari 2000. Daraja limefunguliwa 2022. Kwa vipimo hivyo, pale bado ni maji. Mpando wa daraja usome kwenye saa yenye kipimo cha kanieneo ya hewa, au uliza mapaja yako.

*Nusu marathoni saa yangu ilisoma 21.4. Waandaaji walituongezea?*

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Njia iliyoidhinishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio cha mizunguko ya gurudumu, ikifuata mkato mfupi kuliko yote kwenye kila kona, halafu huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe ulikata kona kwa nje, ukavuka barabara kufuata maji, na GPS nayo ikayumba. Hizo mita mia tatu ni zako mwenyewe.

*Shikamoo mwalimu. Mimi huanzia mlangoni kwangu saa kumi na moja alfajiri. Kuweka njia hadharani ni salama?*

Marahaba dada. Usiiweke hivyo. Anzisha mstari kwenye kituo cha daladala au dukani, na kwenye akaunti yako ficha mwanzo na mwisho wa mbio. Januari 2018 iligundulika kuwa ramani ya pamoja ya Strava, programu ya kurekodi mbio, ilionyesha kambi za kijeshi kwa sababu tu askari walikimbia humo wakiwa na saa. Na tukiwa hapo hapo: vijia vya ndani ya kambi au ya shamba la mtu msivichore kama njia ya wote, hata kama mlinzi anakujua kwa jina.

*Kile kijidaraja cha magogo nacho nichore? Masika yaliyopita kilisombwa.*

Kichore kama daraja, kwenye kipande chake peke yake, si mstari wote. Kikisombwa tena, ingia siku hiyo hiyo ukifute hicho kipande. Tovuti zitachelewa kupata habari, kwa hiyo na kwenye kundi andika, kabla wa saa kumi na moja hawajatoka.