Kabla hujaanza tizi la kutafuta mtoto, haya yazingatie kwanza

Wadada wengi, na wakaka pia, wakishasikia mazoezi yanasaidia kupata ujauzito basi kesho yake alfajiri wako barabarani wanakimbia, hawajui mwili una shida gani, mwezi ukiisha siku zikaja kama kawaida wanakata tamaa wanaacha. Mi naomba turudi nyuma kidogo. Mazoezi mepesi kweli yanasaidia uzazi ila kwa njia zake, yanashusha stresi, yanafanya insulini ifanye kazi vizuri, yanapunguza mafuta ya tumboni ambayo yanavuruga homoni, yanaleta usingizi. Mirija ya uzazi iliyoziba hayazibui. Hilo nalisema mapema kabisa mana kuna watu wanawafundisha wenzao kujikunja na kukandwa tumbo eti mirija itafunguka, wakati mirija mingi inaziba kwa sababu ya maambukizi ambayo hayakutibiwa mapema, kisonono, klamidia, na kovu likishakaa mle ndani hakuna zoezi la kulitoa, hiyo ni kazi ya hospitali.

Kwaiyo kabla ya raba, vipimo, na muende wawili. Kama mmekaa miezi 12 mnakutana mara kwa mara bila kinga na hamna kitu, ni wakati wa kumuona daktari, na ukiwa umeshavuka miaka 35 usisubiri mwaka, miezi 6 inatosha. Kama siku haziji kabisa au zinaruka ruka, au uliwahi kuumwa maambukizi ya nyonga, nenda hata leo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anapitia hili tatizo kwenye maisha yake, yani ni jambo la watu wengi mno, na kwenye karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika mwanaume naye anakuwa na sehemu yake. Lakini huku kwetu mama mkwe anamuuliza mke, mawifi wanamsema mke, mke anapelekwa kwa waganga mpaka kijiji cha tatu, na mume hajawahi kutoa mbegu zikapimwa hata mara moja. Inaniuma sana hii. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vingi anavyopitia mwanamke, kaka zangu nendeni.

Mkiwa hospitali pimeni pia wingi wa damu, presha, sukari, kaswende na VVU. Njombe, Iringa na Mbeya, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ni mikoa iliyo juu kitaifa kwa VVU, tusifichane, na mwenye VVU akimeza dawa vizuri virusi vikafubaa mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa na anaweza kuzaa mtoto salama, cha msingi waambieni watu wa CTC, ile kliniki ya wenye VVU, mapema kwamba mnatafuta mtoto ili mpangiwe vizuri. Wingi wa damu nao usiudharau, mtu ana damu ndogo anaanza kupanda vilima anaona kizunguzungu, moyo unadunda, anadhani mazoezi ndo mabaya kumbe damu haitoshi.

Alafu jiangalie unaanzia wapi. Mwenye uzito mkubwa, hasa yule aliyeambiwa ana PCOS, ile ya homoni kuvurugika na mayai kutopevuka, akipunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake mara nyingi siku zinaanza kurudi kwenye mpangilio, yani mwenye kilo 90 hahitaji kufika 60, kilo 5 mpaka 9 tu zinaweza kuleta mabadiliko. Huyu tizi linamfaa sana. Ila kuna mwembamba ambaye anakula kidogo na anakimbia kila siku, mwili wake ukiona chakula hakitoshi unazima kwanza mambo ya uzazi na hedhi inakata, huyo anatakiwa apunguze mbio aongeze ugali na maharage. Na kuna mama wa kule Rungwe au Kilolo ambaye anaamka saa 11, anachota maji, analima mpaka mchana, anarudi na mzigo wa kuni kichwani kwenye mlima, jamani huyo usimwambie aongeze mazoezi, ameshafanya ya wiki nzima, anachohitaji ni kupumzika, kula vizuri na mume amsaidie kubeba. Nashangaa ushauri mwingi unaandikwa kama vile wote tunakaa ofisini.

Kwa wanaume kuna la ziada. Mbegu zinatengenezwa kwa muda wa kama miezi miwili na nusu, kwaiyo unachoanza kufanya leo kitaonekana kwenye mbegu baada ya miezi mitatu hivi, usifanye wiki mbili ukarudi kupima. Korodani zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili, ndo mana zipo nje, sasa dereva anayekalia siti ya lori kutoka Dar mpaka Tunduma, bodaboda wa Mwanjelwa pale Mbeya anayeshinda juu ya pikipiki kutwa na suruali ya kubana, hao wajitahidi kushuka, kunyoosha miguu, kutembea kidogo na kuvaa nguo za kuachia. Wanaokwenda jimu wawe makini na sindano au vidonge vya kujaza misuli, vile vyenye testosteroni, vinaupa mwili taarifa kwamba homoni ipo ya kutosha na uzalishaji wa mbegu unashuka, wengine wanafika sifuri kabisa. Misuli mikubwa na mbegu hamna. Sigara iacheni, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukishaanza kugemwa msimu wa mvua usiwe ndo chakula cha jioni kila siku. Na mwenye maumivu au uvimbe kwenye korodani aonwe na daktari kabla ya kunyanyua vitu vizito.

Mazingira yetu nayo yana mambo yake. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, kwaiyo dada uliyeolewa huku ukitokea Dar au Tanga utahema hata kwa kutembea tu, jipe wiki kadhaa mwili uzoee. Usianze na mlima Loleza wa Mbeya, wala usianze na kile kipandishi cha Ipogolo kuja Iringa mjini, anza na sehemu tambarare, zunguka uwanjani au mitaa iliyotulia kama Forest ya Mbeya au Gangilonga ya Iringa. Juni na Julai alfajiri ni baridi kali, pasha mwili moto ndani kwanza, vaa nguo mbili mbili ambazo utavua moja ukipata jasho, au subiri jua litoke, hakuna sheria inayosema lazima iwe saa 11 gizani, na mwanamke asitembee peke yake kwenye giza, tafuta jirani au nenda na mumeo. Kuanzia Novemba mvua zinashika na udongo unateleza vibaya, Tukuyu ndo usiseme, hapo tandika mkeka ndani: lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno taratibu na ushushe, kaa na kusimama kwenye kiti, sukuma ukuta kwa mikono.

Kiasi chake ni dakika 150 kwa wiki, yani nusu saa siku tano, na mazoezi ya misuli siku mbili. Kipimo rahisi, uweze kuongea ila usiweze kuimba. Kama hujazoea anza na dakika 10. Kuhusu kukaza misuli ya chini, ile ya kuzuia mkojo, ni nzuri kwa wengi, ila kama unapata maumivu wakati wa tendo yawezekana misuli yako imeshakaza kupita kiasi, wewe jifunze kuilegeza kwa kuvuta pumzi ndefu tumboni, muulize mtaalamu kwanza.

Usitoke na njaa. Ndizi, parachichi, kiazi, chochote, alafu ukirudi ule. Mwanamke anayetafuta mtoto aanze vidonge vya foliki asidi mikrogramu 400 kila siku walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, inamkinga mtoto na matatizo ya uti wa mgongo. Na sisi tunaokaa na chai ya Mufindi na Rungwe mlangoni, tusinywe pamoja na chakula, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, ipishe saa moja au zaidi.

Andika tarehe za hedhi kwenye daftari. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na zile siku 5 kabla yake pamoja na siku yenyewe ndo za kukutana, kila siku au siku moja moja kupisha, sasa msijichoshe na tizi mkafika kitandani mmelala fofofo. Siku za hedhi ukijisikia tembea, usipojisikia pumzika. Ukihisi umeshika mimba kutembea kunaendelea tu. Anayetumia dawa za kupevusha mayai asirukeruke wala kuzungusha kiuno kwa nguvu, ovari zinakuwa zimevimba na inaweza kujisokota, na aliyetoka kuharibikiwa mimba au kufanyiwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari. Ukiona damu isiyo ya kawaida, maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kifua kubana au kuzimia, acha hapo hapo uende hospitali, na lile daftari lako la tarehe ulibebe, daktari atalihitaji.