Yungiyungi la amani halitoi maua? Anza na dirisha

Wengi hulileta nyumbani yungiyungi la amani likiwa limejaa maua meupe. Maua yanaisha, kisha mwaka mzima wanabaki na majani matupu. Hilo ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu mmea huu, na karibu kila mara anayeuliza ameshajaribu kuongeza mbolea. Kinachopungua kwa kawaida si mbolea bali ni mwanga.

Tuangalie kwanza mmea wenyewe umetoka wapi. Wataalamu huuita Spathiphyllum, nao si yungiyungi halisi: ni wa ukoo mmoja na magimbi. Spishi zake nyingi asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, ambako huota chini ya miti mirefu, mara nyingi kando ya vijito. Pale chini hakuna jua kali, lakini si gizani pia. Mwanga huchujwa na majani ya juu mchana kutwa, hewa ina unyevunyevu, na udongo ni mboji iliyolegea.

Kwa kuwa mmea huu hustahimili kivuli, watu huusukuma kwenye kona ya mbali kabisa ya sebule. Kustahimili si kustawi. Ukiwa gizani hujitengenezea chakula cha kuuweka hai tu: majani hukolea kijani, vikonyo vinarefuka na kulegea, na ua halitokei. Usogeze umbali wa mita moja au mbili kutoka dirishani, mahali ambapo jua haliupigi moja kwa moja. Dirisha la jua la asubuhi linafaa sana. La jua la mchana litundikie pazia jepesi.

Kipimo hakihitaji kifaa. Saa sita mchana, nyoosha kiganja juu ya majani, kama shibiri moja hivi. Ukiona kivuli chenye kingo zilizofifia lakini vidole bado unavitambua, hapo ndipo mahali pake. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, jua limezidi, na majani yatapauka au kuungua mabaka ya kahawia. Usipoona kivuli chochote, usitegemee ua.

Mmoja wa mimea yangu ulikaa karibu miaka miwili pembeni ya kabati bila kuchanua. Sikuugusa udongo wala sikubadilisha mbolea; niliusogeza tu hadi hatua mbili kutoka dirishani. Baada ya miezi mitatu hivi ulichomoza, katikati ya majani, mkunjo wa kijani mwembamba kama kalamu. Ukarefuka siku baada ya siku, ukafunguka taratibu na kuwa mweupe. Hicho cheupe tunachokiita ua kwa kweli ni jani lililobadilika; maua yenyewe ni vile vipele vidogo vilivyojipanga kwenye kigunzi cha katikati. Ndiyo maana hudumu wiki kadhaa, kisha hugeuka kijani. Huo ni uzee wake, si ugonjwa.

Kuna jambo ambalo mnunuzi anastahili kuambiwa. Vitalu vya biashara mara nyingi huinyunyizia mimea hii homoni, asidi ya jibereli, nayo huchanua wiki 10 hadi 12 baadaye hata kama bado ni michanga. Kwa hiyo ule wingi wa maua uliokuvutia siku ya kununua huenda usiupate tena nyumbani, na hilo si kosa lako. Maua machache yanayokuja kwa wakati wake ni dalili nzuri.

Baada ya mwanga ni maji, na hapa wengi huua mmea kwa kuupenda mno. Ukiwa na kiu, majani yote hulala chini kwa mpigo. Ukiunywesha, husimama tena ndani ya saa chache. Tatizo ni kwamba mizizi ikioza, majani hulala vivyo hivyo, na mwenye mmea hukimbilia kuongeza maji. Kabla ya kumwagia, chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu kwa sentimita 2 au 3 za juu, mwagia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha yamwage yaliyobaki kwenye sahani. Kama udongo umelowa na majani bado yamelala, utoe mmea kwenye chungu. Mizizi mizima ni migumu na myeupe au yenye weupe. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza na kunuka. Ikate yote kwa kisu safi na upande upya kwenye udongo mpya unaopitisha maji.

Ncha za majani zikikauka, chunguza maji kwanza. Mmea huu hauelewani na klorini, floridi na chumvichumvi. Ukiacha maji ya bomba wazi usiku kucha, klorini ya kawaida hupungua, lakini floridi haiondoki. Maji ya mvua ni bora zaidi. Hewa kavu nayo huchangia.

Mbolea ya maji ya mimea ya ndani, iliyozimuliwa hadi nusu ya kipimo cha kwenye chupa au chini yake, kila wiki 6 hadi 8 wakati mmea unakua, inatosha kabisa. Ikizidi huunguza mizizi, na hata maua yanaweza kutoka ya kijani badala ya meupe. Chungu nacho kisiwe kikubwa mno, kwa sababu udongo usio na mizizi hubaki na maji na kuozesha. Hamisha mizizi inapojaa, kwa kawaida kila mwaka mmoja au miwili, kwenye chungu kilichozidi sentimita 3 hadi 5 kwa upana. Joto la nyuzi 18 hadi 27 linaufaa. Usiuweke mbele ya kiyoyozi.

Futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji, na ukiona vidung'ata (wadudu wadogo weupe) kama vipande vya pamba kwenye maungio, vifute kwa maji ya sabuni. Mahali pa kuuweka pawe mbali na watoto wadogo, paka na mbwa: majani yana fuwele za kalisi oksaleti zinazochoma mdomo na koo yakitafunwa.

Ua likishageuka kijani na kuanza kukauka, lifuate bua lake mpaka chini na ulikate hapo. Bua moja hutoa ua moja tu. Linalofuata litatoka pembeni, kwenye chipukizi jipya.