Nguo kuukuu, mikono midogo: kufundisha watoto ushonaji kwenye kambi ya likizo

Likizo ya Juni ikifika, kambi za sanaa hapa Mwanza hujaa watoto wa kuchora, ngoma na maigizo. Mimi fundi cherehani hupewa kona ya nguo. Nawe ukipewa kona hiyo, usianze na maonyesho ya mavazi. Mtoto akishajua atapita jukwaani, sindano haikaliki tena. Anza na kitambaa.

Hatua ya 1: Kusanya. Pita kwa mafundi wa mtaani jioni wakifagia; vipande vya vitenge watakupa bure. Kila mtoto aje na tisheti iliyochakaa. Zikipungua, nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja uulizie zenye doa au tundu. Kitambaa kipya usinunue hata kimoja, la sivyo somo limekwisha kabla halijaanza.

Hatua ya 2: Jaribio la moto. Hili ni la mtu mzima. Fanyeni nje, pasipo upepo, ndoo ya maji ikiwa karibu na watoto wakiwa nyuma. Shika kwa koleo kipande kisichozidi kidole. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kidonge kigumu cheusi. Kiache kipoe kabisa kabla hawajakishika.

Sasa watakuuliza wenyewe kwa nini. Waambie poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na kila inapofuliwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo nguo ikifuliwa ziwani hubaki ziwani. Pamba nayo ina gharama yake: tisheti moja hukadiriwa kutumia lita 2,700 za maji, kuanzia shambani. Wape dumu la lita 20 wagawanye. Wakipata madumu 135, wale wanaochota maji kila asubuhi wataguna. Usiongeze hotuba.

Hatua ya 3: Kifungo. Ndiyo hatua inayokula muda, na ndiyo ninayoipenda. Kwa watoto wa miaka minane na kuendelea, chukua sindano yenye tundu kubwa na uzi usiozidi urefu wa mkono, maana mrefu hujifunga mafundo na mtoto hukata tamaa. Uzi uwe mara mbili, fundo mwishoni. Sindano ianzie upande wa ndani wa nguo, itokee nje. Kabla ya kuendelea, lazeni njiti ya kiberiti juu ya kifungo, uzi upite juu yake. Mkishapita kila tundu mara nne hivi, chomoeni njiti, vuteni kifungo juu, kisha zungusheni uzi chini yake mpaka kipate shingo. Bila shingo, kifungo hubana kitambaa na baada ya wiki kadhaa hung'oka. Wengi huruka njiti kwa haraka. Rudisha kazi ifumuliwe, bila kugomba.

Anayemaliza mapema ashone kiraka cha kitenge kwa bandi (mishono mirefu ya mkono), rangi isiyofanana na nguo. Kiraka kionekane. Watoto wanaotaniwa shuleni kwa viraka hubadilika wakikichagua wenyewe.

Hatua ya 4: Mfuko wa tisheti. Hauhitaji sindano. Geuza tisheti ndani nje, kata mikono, tanua shingo, ondoa pindo la chini. Chanja chini, mbele na nyuma kwa pamoja, vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa kidole. Funga kila cha mbele na cha nyuma, halafu ukiunganishe na jirani yake ili kusiwe na matundu. Geuza tena. Kitambaa cha tisheti hakichanuki nyuzi, hivyo kingo ziacheni zilivyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo huu utaenda sokoni kesho yake, ukabebe nyanya na dagaa.

Hesabu sindano asubuhi, hesabu tena kabla hajaondoka mtu. Makombo yaliyobaki yafungeni kwa kamba yawe mpira. Wavulana wa chandimu watayadai kabla hujafagia.