Somo: Kurudi Marekani na grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) ukiwa umekaa Moshi zaidi ya mwaka

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, wengi wetu tunarudi nyumbani kuuguza mzazi tukisema ni miezi michache tu. Mwaka unakatika. Siku ya safari mtu anazuiwa kaunta pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), maana shirika la ndege likimbeba abiria ambaye karatasi zake hazifai, linatozwa faini. Inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu mara nyingi ingezuilika.

Hatua ya 1: Hesabu muda tangu uondoke, kwa mihuri ya pasipoti. Ndani ya siku 180 kwa kawaida hakuna shida. Ukizidisha hapo lakini mwaka haujatimia, kadi bado inakurudisha, ila jiandae kwa maswali. Ukipitisha mwaka, kadi peke yake haikuingizi, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake haijaisha. Hapa ndipo watu wanapokwama.

Hatua ya 2: Kama hujaondoka Marekani na unaona utakawia, omba kibali cha kurejea kwa fomu I-131. Kinadumu hadi miaka 2. Ombi linapelekwa ukiwa ndani ya Marekani. Ukishatua KIA umechelewa.

Hatua ya 3: Mwaka umepita na kibali huna? Omba viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, kwa fomu DS-117, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Anza walau miezi 3 kabla ya safari. Utatakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa mkaazi halali ulipoondoka, kwamba ulitoka kwa nia ya kurudi, na kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako.

Hilo la mwisho ndilo zito. "Nilikuwa namuuguza mama" hayo ni maneno. Karatasi ya kuruhusiwa hospitali ya KCMC yenye tarehe ya kulazwa, jina la ugonjwa, sahihi ya daktari na muhuri, huo ndio ushahidi. Panga karatasi zako mwezi kwa mwezi, kusiwe na pengo la kuulizwa "hapa ulikuwa unafanya nini?" Weka na za Marekani: kodi ya mapato, taarifa za benki, mkataba wa nyumba, tiketi ya kurudi uliyoiahirisha. Zilizoandikwa kwa Kiswahili zitafsiriwe. Na niseme wazi: kama ulibaki kusimamia ujenzi au kufungua duka, hiyo haihesabiki kuwa nje ya uwezo wako. Usitunge ugonjwa.

Ukikubaliwa, bado kuna fomu DS-260 ya kuombea viza yenyewe, vipimo vya afya na usaili.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Arusha miezi minane sasa, kadi ninayo. Nisubiri?
Marahaba. Usisubiri, kata tiketi. Beba barua ya mwajiri au mkataba wa nyumba wa kule. Na kodi usijaze kama asiye mkaazi. Hiyo inasomeka kwamba umeacha ukaazi.

Dada, nimejifungulia huku. Mtoto anahitaji viza?
Hongera sana mama. Ikiwa ulikuja kwa muda tu, na wewe mwenyewe ni mkaazi wa kudumu, anaweza kuingia bila viza kabla hajatimiza miaka 2, lakini aende na mzazi katika safari ya kwanza ya kurejea tangu azaliwe. Ukitangulia wewe ukamwacha kwa bibi, nafasi hiyo imepotea. Fuatilia cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasipoti yake mapema, na uwaulize shirika la ndege kabla ya kulipa.

Kaka yangu alipofika uwanja wa ndege kule Marekani alipewa fomu I-407 asaini. Ni lazima?
Si lazima. Fomu hiyo ni ya kuacha ukaazi kwa hiari. Asipotaka kuuacha, ana haki ya kukataa kusaini na kuomba shauri lake lisikilizwe na hakimu wa uhamiaji. Kama alishasaini, amtafute wakili wa uhamiaji wiki hii hii, akiwa na nakala ya hiyo fomu.