Ndege ya mafunzo ya jeshi ikianguka jirani na uwanja wa ndege na wewe upo pale, fanya hivi

Wengi wetu tukisikia mlio tu tunakimbilia moshi, simu mkononi, na hapo ndo tunapokosea. Hizi ndege zinaanguka sana karibu na uwanja kwa sababu mazoezi yenyewe ndo yako hapo, mwanafunzi anatua anaruka anatua anaruka, yuko chini na spidi ndogo, kitu kikizingua hana urefu wa kujirekebisha. Ile T-38, ndege ya mafunzo ya jeshi la anga la Marekani, ya 19 Februari 2021 ilianguka ikiwa inakuja kutua Montgomery, Alabama, mwalimu na mwanafunzi wote wakafa.

Kwanza angalia juu, hesabu parashuti. Ndege nyingi za mafunzo zina siti mbili ila saa nyingine mwanafunzi anapaa peke yake, kwa hiyo ukiona parashuti moja usianze kukisia, piga namba ya dharura useme ulichoona: ni wapi, parashuti ngapi, zimeelekea upande gani, imeangukia nyumba au porini, kuna nyaya za umeme chini au hamna.

Halafu rudi nyuma, kaa upande upepo unakotokea. Ule moshi sio wa mafuta tu, ndege nyingi za siku hizi zina nyuzi za kaboni, zikiungua zinakuwa kama visindano vidogo vinaingia machoni na kwenye mapafu. Nguo ulizokuwa nazo hapo zifue peke yake.

Sasa siti, na hii ndo nataka uishike kuliko zote. Siti ya kujirushia, ile inayomtupa rubani nje ya ndege, ina baruti na roketi chini yake, kama rubani hakuivuta basi bado iko hai, na kwenye ndege zingine hata kioo cha juu kimezungushiwa baruti ya kukivunja. Kishikio chenye mistari ya njano na nyeusi usikiguse, usikivute, hata kama unamuona mtu ndani na roho inakuuma, na itakuuma kweli. Zimamoto wa uwanjani wamefundishwa kuifunga siti kwa pini kabla hawajamtoa mtu, na wanatoka hapo hapo jirani.

Rubani aliyeshuka na parashuti unaweza kumsogelea, ila usimkalishe wala kumsimamisha maana kile kishindo cha siti kinaweza kuvunja mgongo. Kanyaga kitambaa cha parashuti upepo usije ukamburuza, ongea naye, helmeti muachie kama anapumua vizuri.

Dhaka, Bangladesh, 21 Julai 2025, ndege ya mafunzo ya jeshi la anga iliangukia shule, walikufa zaidi ya watu 30, wengi watoto, na wengi kwa kuungua. Kwa hiyo jua hili la kuungua: mtu akiwa anawaka mlaze chini mviringishe, ukishamuondoa kwenye moto mwagia maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, mvue nguo na saa ila kilichogandia kwenye ngozi kiache, barafu hapana, mafuta hapana, dawa ya meno ndo kabisa hapana. Na barabara iacheni wazi jamani, ambulensi haipiti juu ya vichwa vya watu.

Vipande vya ndege usiokote, hata kile kidogo unachoona cha ukumbusho, inawezekana ndo kinaeleza kila kitu. Droni usirushe, helikopta zinakuja. Video uliyochukua itunze ile ya kwenye simu yenyewe, ukiirusha WhatsApp inapungua ubora, na mlio wa injini una maana kubwa kwa wachunguzi. Miili na sura usiposti, kuna mama bado hajapigiwa simu.

Jioni hiyo hiyo, kabla hujakaa na wenzako kusimuliana, andika ulikuwa umesimama wapi, saa ngapi, ndege ililala upande gani. Na kama ulichosikia ni kimya andika kimya, usiandike injini ilizima.